Walikimbia Kiboko

Mjukuu wangu alikuwa kidato cha nne katika shule ya wasichana kule Homa Bay, miaka ile ya tisini. Siku moja akaja nyumbani kwangu, Migori, wakati wenzake wa shule zingine wako darasani. Ana barua mkononi. Akanisomea mwenyewe: wasichana wametoka shuleni bila ruhusa, wameandamana mpaka ofisi ya elimu, kila mmoja arudi na mzazi.

“Mlitoka kwa nini?”

“Nyanya, ni kiboko.”

Mama yake ni Mkuria wa Kehancha, na mtoto alilelewa huko. Kijaluo hakikumkaa mdomoni, kwa hiyo mimi naye ni Kiswahili tu.

“Kiboko!” nikasema. “Mimi nimelea watoto saba kwa kiboko. Kuna aliyekufa?”

“Nyanya, hii ilikuwa kubwa...”

“Hata ndogo inauma.”

“Ilitukimbiza...”

“Ukikimbizwa, simama! Nyamaza kabisa.”

Akanyamaza mpaka Homa Bay. Kila akifungua mdomo namkata jicho. Yaani mwalimu anachapa, na wewe unaenda kumshtaki serikalini? Nilikuwa na hasira za kutosha shule nzima.

Ofisini tulimkuta mwalimu mkuu, mwanamke mwenye sauti ya chini, na naibu wake, mwanamume, fimbo yake iko juu ya meza kama mgeni wa heshima. Tukaletewa chai. Naibu ndiye aliyesema: msichana akubali viboko sita mbele ya wenzake, au akae nyumbani mpaka mwaka ujao. Na mtihani wa mwisho ulikuwa muhula huo huo. Huyu ndiye mtoto wa kwanza wa ukoo wetu kufika kidato cha nne.

“Mchape, mwalimu,” nikasema. “Kama alikimbia kiboko, akipate hapa hapa.”

Mtoto akalipuka. “Nyanya, ni mnyama! Kiboko ya ziwa!”

Angejua Kijaluo angesema rao, ambayo ni kiboko mnyama tu, si fimbo, na tungemaliza mambo Migori.

Ndipo walimu wakanieleza, tena kwa kuvutavuta. Pampu ya shule ilikufa muhula uliopita. Wasichana wakawa wanateremka ziwani na ndoo kabla ya jua. Asubuhi moja kiboko akatoka kwenye matete, wakatawanyika, mmoja akaanguka akavunjika mkono. Wakamwambia kiranja. Kiranja akamwambia naibu. Naibu akasema waende kwa makundi. Wakaenda kwa makundi, mnyama naye akatoka tena; wakasema tena, wakaambiwa yale yale. Siku ya tatu wakabeba ndoo tupu kichwani, wakapita langoni, wakaenda kuzipanga mbele ya ofisi ya elimu. Hawakurusha hata jiwe.

Nikaangalia kikombe changu.

“Maji ya chai hii yametoka wapi?”

“Ziwani, mama,” naibu akasema.

“Nani alichota?”

Nikakisukuma kikombe mpaka kikagusa fimbo.

“Mwalimu, mtoto kutoka bomani bila kuaga ni kosa. Sitalibembeleza. Lakini hao waliwaambia mara mbili, mkaziba masikio. Mkimchapa sasa atajua nini? Kwamba kiboko ya ziwa ni afadhali kuliko yenu? Na kumnyima mtihani, hiyo si adhabu. Hicho ni kisasi.”

“Mama, shule ina sheria,” naibu akasema.

“Sawa. Basi kesho alfajiri beba ndoo, uwe mbele yao. Sheria ikutangulie.”

Mwalimu mkuu akafunika mdomo kwa kiganja. Nafikiri alikuwa anacheka. Akasema mtoto atafyeka nyasi uwanjani wiki moja, kisha aingie darasani, mtihani atafanya. Na ziwani hakuna msichana atakayeenda tena; shule itaagiza maji kwa punda hadi pampu itengenezwe. Nikamwambia ayaandike yote mawili kwenye karatasi moja. Akaandika.

Nje, mtoto akanishika mkono. “Asante, Nyanya.”

“Ya nini? Si ungesema mapema ni mnyama!”

“Ulinikataza kusema.”

Nikamwangalia kutoka juu mpaka chini. Huyo naye, mdomo! Nikamwonyesha uwanja, nyasi zimefika magotini.

“Anzia pale kwenye kona,” nikasema. “Na ukifyeka, niambie yote. Kutoka mwanzo.”

Nikakaa juu ya jiwe, nikasikiliza.