Harufu ya Urwagwa

Mtaani kwetu Gatsata naitwa mlokole, na sifa hiyo nimeipata kwa uongo. Kanisani naenda kama wengine, na mahubiri yakirefuka nasinzia kama wengine. Ila nikiwa kijana mtu alinisogezea urwagwa, pombe yetu ya ndizi, nikamwambia nimeokoka, na tangu siku hiyo sikuhitaji kinga nyingine. Kumsingizia Mungu kulikuwa rahisi kuliko kusema kwamba harufu ile inanishinda, mwanamume mzima na ndevu zangu.

Wakati wa mauaji ya kimbari nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Bibi mmoja jirani, mpika pombe, alinificha chini ya hori lake la kukamulia ndizi, gogo kubwa lililochongwa, ambalo alilifunika kifudifudi nyuma ya nyumba. Giza likiingia sana ndipo aliponitoa nikala. Wauaji walikuwa wateja wake. Jioni walikuja wamechoka, wakakaa juu ya hori, wakanywa na kusimuliana kazi ya siku. Pombe iliyomwagika ilipenya kwenye nyufa za gogo ikanilowesha mgongo. Humo ndani nilijikojolea, na mpaka leo harufu ile ikinikuta ghafla mwili wangu unarudia yale yale. Wenzangu walibaki na makovu ya panga, ambayo mtu anaweza kuyaonyesha. Mimi nilibaki na kibofu. Hata mke wangu sijamwambia.

Mwaka jana binti yangu alituletea mchumba. Babu wa kijana huyo alifungwa kwa aliyoyafanya siku zile, na kila mtu anajua. Kijana mwenyewe ni mpole, nami nilimpenda tangu alipoingia mlangoni. Tatizo ni kwamba kwao Nyakabanda wanapika urwagwa wa kuuza. Walinialika, nikasema nimefunga. Wakanialika tena, nikasema tena nimefunga. Mke wangu alinitania kwamba kwa kufunga huku nitakonda niishe, nikacheka naye.

Jumamosi iliyopita wakaja kuposa. Tulikodi hema, wageni wakajaa uani, maneno ya utani yakaenda vizuri pande zote mbili. Kisha baba mdogo wa kijana akaleta mtungi wao, akautua mbele yangu, akapiga goti na kuninyooshea mrija.

“Mzee, tunajua umeokoka. Wewe gusa tu na mdomo, tujue hukutukataa.”

Nilikusudia kugusa, kweli kabisa. Lakini aliufunua mtungi, na kabla sijaushika mrija nilisikia joto likishuka mapajani. Niliinuka, kiti kikaanguka, nikakimbilia nyuma ya nyumba. Huko hemani utani ulikatika.

Nilikuwa nimeegemea ukuta, mikono imefunika suruali, binti yangu alipotokea amevaa vazi lake la sherehe. Nyumbani tunaongea Kiswahili, kile alichorudi nacho mama yake kutoka Burundi.

“Papa, leo uniambie ukweli. Iko juu ya babu yao?”

Sikuelewa anasema nini.

“Unawachukia. Mimi niko najua, tangu zamani. Mwaka mzima niko namuomba yule kijana msamaha juu yako. Namwambia avumilie, watu wenye walipoteza familia wako hivyo. Na yeye analia, Papa. Anasema uko na haki.”

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona hata chini ya hori. Nilikuwa nimemwachia kijana wa watu abebe chuki ambayo sina, ili mimi nisichekwe. Kwa mlango wa nyuma ningeweza kwenda kubadilisha nguo, nirudi na kisingizio kingine, na harusi isingekuwepo.

“Si wao,” nilisema, nikaiondoa mikono. “Angalia.”

Aliangalia suruali yangu, akaniangalia usoni. Akauliza kwa sauti ya chini nimekuwa hivi tangu lini.

“Tangu niko mtoto,” nilimjibu. “Kamwite na mchumba wako. Nitawaambia wote wawili.”