Watoto Walioachwa Tumboni

Sehemu ya pili haikutoka. Kwa miaka kama mitatu vijana waliingia katika kiwanda kidogo cha chapa cha Najim, pale Kaloleni, Arusha, wakaiulizia, na Najim akawajibu kwa kuinua mabega. Baadaye wakaacha kuuliza. Sehemu ya kwanza ilikuwa kijitabu cha kurasa thelathini na mbili, kimebanwa kwa pini mbili, na kwenye jalada mwanamke mzee amesimama mbele ya msitu, ukungu umemfika magotini. Kiliitwa *Mama wa Ukungu*. Ukurasa wa mwisho uliwaacha watoto saba gizani ndani ya tumbo la zimwi, wakiitana majina ili wajue nani bado yumo. Chini yake iliandikwa: Itaendelea.

Aliyekiandika ni Simaloi, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumdhania kuwa mwandishi, naye mwenyewe hakujidhania. Alizaliwa Ngaramtoni, chini ya Mlima Meru upande wa magharibi, katika familia ya Waarusha wakulima na wafugaji, Walutheri wa kukaa benchi la tatu. Alisoma hadi kidato cha nne, akajifunza kupiga chapa, akafanya kazi miaka kumi na minne katika shirika la umma mjini Arusha. Mwaka 1993 shirika likapunguza watu. Wengine walipewa barua na mkono wa kwaheri. Simaloi alipewa barua, mkono wa kwaheri, na taipureta ambayo herufi yake ya h ilikuwa inaruka juu kidogo. Akaiweka kwenye baraza ya Najim, akawa anawapigia watu barua za maombi ya kazi, kazi ambazo wote wawili, mwombaji na mpiga chapa, walijua hazipo.

Siku hizo zisizo na wateja ndizo zilizomrudisha, kwa mawazo, kwa shangazi yake.

Shangazi Nasieku, dada wa baba yake, alifiwa na mume bila kupata mtoto, akarudi kwenye ardhi ya kaka zake na kupewa nyumba ya mwisho, ile iliyo karibu na msitu. Watoto wote wa ukoo walilelewa na sauti yake. Alikuwa na sheria mbili. Kwanza, hadithi haisimuliwi mchana. Ng'ombe waingie zizini kwanza, maana anayesimulia mchana hupotelewa na mifugo. Pili, hadithi ya zimwi haikatizwi watu wakiwa bado tumboni. Mgeni apige hodi, paa livuje, mtoto alie, msimulizi ataendelea mpaka zimwi lenyewe, likiwa linakata roho, liseme: nikateni kidole gumba. Kidole kinakatwa, na kwenye lile jeraha wanatoka watu wote liliowameza, na ng'ombe wao, na mbuzi, na kuku. Hapo ndipo mtu anaruhusiwa kwenda kulala.

Simaloi aliandika hadithi ndefu ya msichana wa miaka kumi na minne anayelifuata zimwi msituni kumtafuta kaka yake. Haikuwa ya watoto wadogo. Zimwi, huyo Mama wa Ukungu, lilikuwa na sauti tamu, lilijua siri ya kila nyumba, na wale liliowameza walikuwa wameanza kulizoea lile giza. Binti yake Nice, aliyekuwa darasa la sita, alisoma kurasa za kwanza, na kwa wiki nzima hakwenda chooni bila kusindikizwa.

"Hii itatembea," Najim alisema alipomaliza kusoma. "Lakini tuigawe, Mama Nice. Wakimaliza nusu watarudi wenyewe, wanakimbia."

"Haigawanywi, kaka Najim. Humu watu wako tumboni."

"Si ndiyo vizuri? Wakishatoka, nani atanunua?"

Alicheka, naye Simaloi akacheka pia. Wakati ule kila kitu kilikuwa kinauzwa kwa nusu na kwa robo, sabuni, mafuta, sigara, na sheria za nyumba ya mwisho karibu na msitu zilionekana mbali sana na baraza ya Kaloleni. Akakubali.

Jalada lilichorwa na Dismasi, aliyekuwa akiandika vibao vya vinyozi na mabucha. Alikaa na penseli, akauliza: "Uso wake ukoje?"

Simaloi alifumba macho, akasema bila kusita. "Mashavu yameingia ndani. Macho madogo, yanacheka kabla ya mdomo. Sikio la kushoto limechanika ndewe, amelishonea uzi wa shanga nyekundu."

Zimwi la utotoni mwake lilisema kwa sauti ya shangazi, basi siku zote lilikuwa na uso wa shangazi. Hakuwahi kulifikiria jambo hilo, kama mtu asivyofikiria ulimi wake umelala wapi mdomoni. Sikio lile lilichanwa na ndama, miaka mingi nyuma. Ukoo mzima ulijua, na soko zima la Ngaramtoni lilijua. Kwa bahati mbaya Dismasi siku ile alichora vizuri kuliko alivyowahi kuchora maishani.

Kijitabu kilitembea kweli. Kilisomwa mashuleni chini ya madawati, kikakodishwa, kikachanika, kikagundishwa kwa uji. Mwezi wa pili tangu kitoke, Simaloi alipanda kwenda Ngaramtoni siku ya soko, amemchukulia shangazi yake sukari na kitenge. Alimkuta mahali pake pa kawaida, nyuma ya vibuyu vyake vya maziwa mgando. Jua lilikuwa utosini, na vibuyu vyote vimejaa.

"Takwenya, yeyo," Simaloi alisalimia kwa Kimaa, akimwita mama, akiinamisha kichwa.

"Iko," Nasieku aliitikia, akamgusa utosini. "Umekuja kununua? Maana leo nakuuzia mpaka vibuyu."

Kisioki, muuza ugoro aliyekaa jirani, alicheka puani. "Mama Nice, zimwi lako lina njaa. Wiki ya tatu hii hakuna anayelisogelea."

Kabla Simaloi hajauliza, watoto wawili walipita, wakasimama mbali, mmoja akapaza sauti: "Mama wa Ukungu!" Wakakimbia. Mwanamke aliyekuwa akija na chupa tupu mkononi aligeuza njia. Alikuwa Skolastika, mteja wa miaka mingi.

Kisioki akaacha kucheka. "Mtoto wake alishikwa na homa siku aliyokunywa maziwa ya hapa," alisema taratibu. "Sasa watu wanasema. Na watu wakianza kusema, unawajua."

Simaloi aliwajua. Mwanamke mzee, mjane, hana mtoto, anaishi peke yake karibu na msitu: neno moja likimganda hapo halibanduki. Aliwahi kusikia, kama kila mtu alivyosikia, habari za vikongwe waliohamishwa kwa neno kama hilo, na za wengine ambao hawakupewa hata nafasi ya kuhama. Akaketi chini, kitenge mapajani, akamweleza shangazi yake yote: kitabu, picha, sikio.

Nasieku hakujua kusoma. "Nisomee," alisema.

Akasomewa pale pale, Simaloi akigeuza maneno kwenda Kimaa kadiri alivyoendelea. Mzee alisikiliza amefumba macho. Mahali fulani alisema, "Hapo umeongopa, zimwi haliogopi mbwa." Mahali pengine alicheka. Walipofika kwenye sikio akaligusa lake. "Ni langu. Sawa. Endelea."

"Imeishia hapa, yeyo. Watoto saba wanaitana."

"Wanaitana wapi?"

"Tumboni."

Nasieku alifumbua macho, akamtazama. Ilikuwa mara ya kwanza Simaloi kuona macho yale hayachekei kitu.

"Umenipa uso wangu, sina neno," alisema. "Uso ni wa kuazimana. Lakini umewaacha watoto wa watu ndani ya tumbo langu, ukabana na pini, ukauza. Halafu unashangaa mama zao wakiniogopa?"

Simaloi alisema atamwomba Najim achape sehemu ya pili haraka, labda baada ya mwezi.

"Mwezi! Skolastika atasubiri mwezi? Na anajua kusoma?" Nasieku alianza kuvuta vibuyu vyake pembeni, kutoa nafasi. "Simama. Waite watu."

"Yeyo, ni mchana."

"Naona jua. Hata hivyo nina ng'ombe mmoja, akipotea nitamtafuta."

Basi Nasieku akasimulia saa nane mchana, katikati ya soko, jambo ambalo hakuna mtu wa rika lake aliyewahi kulifanya. Watu walikusanyika kwanza kwa sababu ya ajabu hiyo, wakabaki mbali kidogo. Alianzia pale kitabu kilipoishia. Alipofika pale zimwi likiwa linakata roho, alinyoosha mkono wa kulia, kidole gumba juu, akasema: "Nikateni."

Hakuna aliyesogea. Mkono wa mzee ulikaa hewani. Ukishuka hivi hivi, Simaloi aliona, hautapanda tena. Akang'oa jani la nyasi, akapenya mbele ya watu wote.

"Kitabu nimekiandika mimi," alisema kwa Kiswahili, kila mtu asikie. "Huyu ni shangazi yangu. Sikio lake lilichanwa na ndama. Niliuchoresha uso wake kwa sababu ndio uliokuwa karibu na moyo wangu, na hadithi nikaikata kabla ya wakati. Kosa ni langu, si lake."

Akapitisha lile jani juu ya kidole gumba. Nasieku akaguna kama ng'ombe anayezaa, akaanza kuwatoa watu, mmoja mmoja, kwa majina. "Huyo ni mtoto wa Resiato, mshike, ana utelezi! Huyo wa mwalimu! Huyo Kisioki, na ugoro wake!"

"Mimi sikumezwa!" Kisioki alipinga.

"Ulimezwa umelala, hukujua. Toka, unaniziba!"

Watu wakaangua kicheko. Resiato akamkumbatia mwanawe kama kwamba kweli ametoka mahali. Mwisho Nasieku akalitaja jina la mtoto wa Skolastika, kwa sauti ya chini, akanyoosha mikono yote miwili. Skolastika alikuwa amesimama nyuma, mtoto mgongoni, homa imekwisha siku nyingi. Hakucheka. Alikaza khanga yake, akasema, "Mimi sina ubaya na mtu, lakini mtoto ni wangu," akaondoka. Hakununua tena maziwa kwa Nasieku mpaka mwisho.

Jioni ile vibuyu viwili viliuzwa kati ya vitano. Simaloi alihesabu kwamba haitoshi. Wiki iliyofuata aliichukua taipureta yake Kaloleni, akamuuzia Dismasi, akahamia na Nice nyumba ya mwisho. Kila siku ya soko alimimina kikombe cha kwanza, akakinywa mbele ya watu hadi tone la mwisho, ndipo akamhudumia mteja. Miezi sita ilipita kabla watu hawajaacha kumtazama koo. Najim alipanda mara mbili kumshawishi.

"Sehemu ya pili ipo kichwani mwako, Mama Nice. Niandikie tu."

"Ilishasimuliwa, kaka Najim. Ulichelewa soko."

Nasieku alifariki mwaka 2004, kitandani mwake, kwa uzee, akazikwa kando ya nyumba yake. Waliomsindikiza walijaza njia mpaka barabarani, na Kisioki alikuwa mmoja wa walioshika chepe kufukia kaburi. Skolastika hakuonekana, ila alituma ndizi.

Simaloi anaishi katika nyumba hiyo ya mwisho, Ngaramtoni. Ana ng'ombe watatu, na huuza maziwa mgando siku za soko.