Kifaranga Kisichokuwa Chetu

Nilipokuwa na miaka tisa, kijijini kwetu Shinyanga, nilipewa kifaranga nikipeleke kwa mfumu, yaani mganga anayepiga ramli kwa kuku. Mdogo wangu Masanja alikuwa amevimba tumbo na miguu, wiki ya tatu sasa. Asubuhi baba alichukua mate ya Masanja kwa kidole, akayapaka mdomoni mwa kifaranga. Kwa utaratibu wetu, kuanzia hapo kifaranga hubeba habari za mgonjwa na za kaya yake. Mfumu akikipasua, anasoma humo ni nani anayemloga.

Baba alitangulia na baiskeli kuwahi foleni. Mimi nilifuata kwa miguu, kikapu mkononi.

Njiani niliona matunda ya porini, nikaweka kikapu chini nichume. Nilipogeuka, kifaranga kilikuwa kinaishilia kwenye shamba la mtama. Nilikitafuta mpaka jua likawa kali. Mwishowe nilipita kwenye kaya moja ambayo wenyewe walikuwa shambani, nikakamata kingine cha rangi ileile ya kijivu, nikaendelea na safari. Niliogopa fimbo ya baba kuliko mganga.

Mfumu alikipasua, akageuza bawa, akaonyesha vidoa vyeusi kwenye mfupa.

"Ni mwanamke mzee," akasema. "Wa damu yenu. Analala upande jua linakochomoza. Macho yake je?"

"Mekundu," baba akajibu haraka.

"Umesema mwenyewe."

Alikuwa Bibi Kabula, shangazi yake baba, mjane aliyekaa kwenye kibanda cha mashariki mwa kaya yetu. Macho yake yalikuwa mekundu kweli. Ya mama pia yalikuwa mekundu, na ya kila mwanamke pale aliyepikia samadi kavu kwa sababu kuni zilikuwa zimekwisha. Hilo sikuliwaza siku ile. Nililowaza ni kwamba kifaranga kile hakikuwa na mate ya Masanja.

Kwetu mzee akishatajwa hivyo, ana bahati akiachwa aondoke. Wengine hawakuachwa. Hata mtoto alilijua hilo, na mimi nililijua. Bado nilinyamaza siku mbili.

Siku ya tatu baba alimwita Bibi mbele ya kaka zake.

"Shangazi, funga mizigo yako. Damu sitaki, ila hapa sitaki kukuona."

"Mwanangu, mtoto huyo nimempakata mimi tangu anazaliwa."

"Ndiyo maana."

Hapo nikasema. "Baba, kile kifaranga hakikuwa chetu. Chetu kilipotea njiani, nikakamata cha watu."

Baba mkubwa aliangua kicheko. "Kumbe umesomewa barua ya jirani!"

Baba hakucheka. Alinitazama, akamtazama Bibi, na niliona uso wake ukitulia.

"Mnaona?" akasema. "Nani alikipoteza? Huyu mtoto hajawahi kupoteza hata ndama. Ni shangazi huyu: alijua atatajwa, akakitorosha. Na kilichokuja badala yake kimemtaja vilevile."

Nilichapwa, na Bibi akaondoka siku hiyohiyo kwenda Chato kwa binti yake. Masanja akapona. Baba alichukua kupona huko kuwa ushahidi. Mama alikuwa amempeleka zahanati mara mbili wiki ile akiaga kwamba anakwenda gulioni, na dawa alizificha ndani ya debe la unga. Hakumwambia mtu, mpaka nilipokuwa mtu mzima akaniambia mimi. Masanja angekufa, baba angesema Bibi alichelewa kuondoka.

Sasa nina watoto wanne na kazi Geita, sina muda mwingi wa kukaa na kuwaza, lakini hili nimeliwaza sana nikiwa nafua. Baba hakuwa mjinga. Alimtambua ng'ombe mgonjwa kwa kumwona anavyotembea, na akikosea alikiri, akatafuta sababu nyingine. Kwa ng'ombe alikubali kukosea. Kwa Bibi hakuacha mlango wowote wa kukosea. Kifaranga kiwe chetu au cha watu, mtoto apone au afe, jibu lilikuwa lilelile. Nadhani jambo ambalo hakuna kitu kingeweza kulipinga halistahili kuaminiwa, hata likisemwa na mtu unayempenda. Watoto wangu wakija na habari za mtaani huwa nawauliza: mngeona nini ndipo mkubali kwamba si kweli? Wananiona msumbufu.

Mwaka juzi nilikwenda Chato kumwona Bibi. Amezeeka sana, anasikia kwa shida. Baada ya shikamoo na marahaba nilimweleza yote, polepole, nikamwomba radhi kwa zile siku mbili. Alimaliza kutafuna kiazi chake, kisha akaniinamia.

"Minza, ulikitoa kaya ya nani?"

"Kwa nini, Bibi?"

"Mchawi yuko huko, mjukuu wangu. Mfumu yule alikuwa hakosei. Alisoma ya kwao, wakanibebesha mimi. Niambie, nitume watu."

"Nimesahau, Bibi."

Sijasahau. Naijua kaya ile, na wanaoishi pale nawajua kwa majina. Nilisafiri kutwa nzima kwenda kumwambia mzee yule ukweli, nikamalizia kwa kumdanganya, na katika yote niliyomwambia siku ile, uongo huo ndio pekee ambao sina wasiwasi nao.