Dume wa Chupa ya Kumi na Saba

"Mama Boaz, hao minyoo unawafuga au unawatibu?"

Jirani yake, Martina, aliwahi kumuuliza hivyo alipomkuta ameinamia hadubini. Apolonia Ngassa akamjibu kwamba wamekwisha kufa, yeye anawatafutia jina. Martina akasema hajapata kuona maiti wakibatizwa.

Saa mbili asubuhi, nyumbani kwake mtaa wa Kalangalala. Apolonia ameshika njiti ya kiberiti yenye ukope mmoja uliogundishwa nchani. Anauchovya kwenye tone la maji, anamwinua mnyoo wa milimita moja na nusu, anamlaza juu ya kioo. Hapumui mpaka amalize.

Minyoo hao huishi kwenye tope la baharini na hawamdhuru mtu. Apolonia, mwenye miaka arobaini na sita, hajawahi kuiona bahari. Tope humfikia kwa basi, ndani ya chupa zenye dawa, kutoka kwa Edward, mzaliwa wa Ushirombo anayefundisha chuo kimoja cha Pwani.

Miaka minne iliyopita Edward alimwona akiosha mchanga wa dhahabu kwenye karai, akaipenda mikono yake, akampa kazi hii.

"Kwenye dhahabu unamwaga chepesi, unabaki na kizito," anasema Apolonia. "Huku nilimwaga minyoo wiki nzima, nikabaki na mchanga. Mwalimu alinivumilia."

Sasa anawatenga, anawapima, anawachora. Ili waitangaze aina mpya waliyoikuta kwenye tope hilo, wanahitaji dume na jike. Majike kumi na mmoja walipatikana mapema. Dume alitokea mmoja tu, chupa ya kumi na saba. Andiko likakamilika, jina la Apolonia likiwa chini ya la Edward. Lisipotumwa mwezi huu, mradi unaolipia kazi hii unafungwa na chupa haziji tena.

Lakini tangu Jumapili moyo wake haujatulia. Dume yule alilala ubavu, mdomo hauonekani sawasawa. Jana Apolonia alisali kwanza, kisha akapasha nta inayoshika kioo, akamgeuza taratibu.

Majike wana meno matatu madogo. Dume ana moja, kubwa.

Saa nne Edward, aliyekuja kwao kwa likizo, anafika kuchukua andiko. Apolonia anamwamkia, anampa chai, anasubiri anywe nusu kikombe.

"Mwalimu, hawa tumewaoza na hawajuani. Dume ana jino moja, si wa aina yao."

"Madume hutofautiana na majike, Mama Boaz. Unajua hilo."

"Mkiani, ndiyo. Meno, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba hapana."

Edward anachungulia kwenye hadubini. Kisha, kwa sauti ya chini, anasema watakaolipitia andiko wataangalia mchoro tu. Hakuna atakayemgeuza tena mnyoo huyo.

"Mchoro ni wa mkono wangu," anasema Apolonia. "Siwezi kuchora meno matatu nikiwa nimeona moja."

Edward anamkumbusha habari ya mradi. Apolonia anasema anaijua, na ameshaiwaza usiku kucha. Anamwonyesha kabati: zimebaki chupa tisa ambazo hazijafunguliwa. Anataka kuzimaliza kabla ya Kwaresima, mradi uwepo au usiwepo.

"Mume wao yuko mahali. Na huyu naye ana mke wake. Nitawatafuta wote wawili."

Edward anaufungua mkoba, anaufunga. Analitazama andiko, analiacha pale pale mezani, anatoka.