Kimbunga na Wanafunzi Waliosomewa Njia

Mwanangu wa mwisho anaitwa Kimbunga, na jina hilo sikumpa mimi, walimpa wanaume aliowatimulia vumbi. Kwenye mashindano ya magari alikuwa akishapita, ndipo mlio wa injini unafika, tena unahema. Anayebisha abishe; mimi nilikuwepo.

Pembeni yake alikaa mumewe, kazi yake kumsomea njia: "Kushoto kali! Kilima! Kulia, kanyaga!" Kimbunga haoni kitu kwa vumbi, anamwamini mume na kukanyaga. Wakabeba vikombe hadi nikakosa pa kuweka sufuria.

Magoti yalipomgomea, akaajiriwa kufundisha udereva. Sasa kiti cha pembeni kikawa chake, naye alikijua kiti hicho kwa kazi moja tu. Akawasomea wanafunzi njia: "Kushoto! Breki! Gia ya pili!" Gari likateleza kama limepakwa mafuta. Siku ya mtihani, mtahini akakaa pembeni, kimya. Mwanafunzi wa kwanza akasimama katikati ya makutano, anasubiri kuambiwa. Wa pili akaingia kwenye maua ya watu.

Mwenye chuo akamwita. "Dada, unafundisha madereva au kasuku? Yule mkunga naye akifeli, nirudishie funguo uende zako."

Mkunga huyo, mwanafunzi wake aliyebaki, alitaka leseni aendeshe gari la zahanati. Kimbunga akaja jikoni kwangu, uso umemshuka.

"Mama, nikisema, wanafeli. Nikinyamaza, wanagonga."

"Si huyo mkunga aseme mwenyewe? Wewe funga mdomo. Najua ni kazi, umeurithi kwangu."

Kesho yake mkunga akaanza kujisomea njia kwa sauti: "Mtoto anavuka, napunguza. Kona hiyo, gia ya pili." Kimbunga pembeni anatafuna leso asije akaropoka.

Mtihani ukafika. Mtahini akageuka. "Mama, unaongea na nani?"

"Na barabara, baba. Jishike, kuna tuta."

Akajishika. Walipofika kilimani, mkunga akasahau yuko wapi: "Sukuma, mama! Sukuma! Usikate pumzi!" Gari likapanda, sina hakika kwa petroli au kwa aibu.

Mtahini akashuka anajifuta jasho. "Amefaulu," akamwambia Kimbunga. "Mimi ndiye niliyetaka kujifungua."

Funguo zikabaki mfukoni mwa mwanangu. Nawe ukisimama kwenye taa ukaona dereva anabwabwaja peke yake, usimdhanie mwehu. Mpishe.