Kalenda ya Ndoa ya Shaima

Wijdan wa Raskazone ni fundi wa tovuti, na ndiye aliyeutengenezea ukoo wao kalenda ya shughuli. Hodari, lakini pupa yake, Mungu amsamehe. Bibi yake alilalamika kwamba ndoa ya saa nne asubuhi kalenda inaiandika saa kumi, kwa hesabu ya Kizungu. Fundi mwenye subira angebadili maandishi yanayoonekana tu. Yeye alipunguza saa sita kwenye saa yenyewe iliyohifadhiwa. Bibi akafurahi. Wijdan akasahau kuwa jamaa wa Maskati hupigiwa kengele na kalenda hiyohiyo.

Siku ya ndoa ikafika. Anaolewa Shaima, dada yake. Baba yao, Mzee Yaarub, amelazwa Maskati akingoja kupasuliwa moyo adhuhuri, naye ameshikilia neno moja: atamwoza Shaima yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, kwa simu.

Saa nne shehe kaketi, bwana arusi kaketi. Simu ya mzee inaita, haipokelewi. Inaita tena.

"Mpigie tena, mwanangu," ami Marwan, mdogo wake mzee, akamwambia kijana aliyeshika simu.

Nyuma ya pazia la wanawake, Wijdan akafungua kalenda kama ionekanavyo Maskati, waliotangulia saa moja. Ndoa: saa kumi na moja alfajiri. Ndiyo kusema baba yao aliamshwa saa sita kabla ya wakati.

"Ami, tazama simu yako, huenda Baba alikutafuta," akasema.

Ami Marwan alikuwa ameizima tangu usiku. Akaiwasha, akakuta ujumbe wa sauti wa asubuhi, na sauti ya kaka yake ikajaa ukumbini.

"Marwan, kengele imelia, nikavaa joho langu, nikangoja mpaka jua limetoka. Hamkupiga. Nimewaelewa, mgonjwa hangojwi. Mwoze wewe, nimekufanya wakili wangu. Nimewaambia wanipasue mapema, sina ninachongojea tena."

Shehe akajikohoza, akasema uwakala umetimia. Ndoa ikafungwa, vigelegele vikapigwa. Kule Maskati mzee alikuwa keshalazwa kitandani mwa upasuaji, akiamini wanawe wamempuuza. Maji yakimwagika hayazoleki.

Shaima, mikono imejaa hina, alikuwa amemshika Wijdan vidole.

"Nani alimwambia Baba alfajiri?"

"Mimi," akasema Wijdan. "Kalenda yangu."

Shaima akauachia mkono wake, akageukia ukutani.