Papa Aliyefungua Lango

Ijumaa moja haijanitoka akilini, mwanangu. Nilikuwa mwalimu kijana wa historia, sijatimiza hata mwaka hapa Maskati. Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko huku, nasi tulikuwa tumetoka misa pale Ruwi, sisi Wakenya na Watanzania wa jumuiya ya Kiswahili, tukakaa kwenye chumba tulichokuwa tukiazimwa kwa sala zetu. Kiongozi wetu alikuwa Silvesta, msimamizi wa ghala moja kule Matrah. Usije ukadhani nakusimulia habari za mtu mbaya. Wagonjwa aliwatembelea, na wasichana wa kazi za nyumbani wakipata shida kwa matajiri wao, ni yeye aliyekwenda kuwasemea.

Kwa hiyo tulimpa kila kitu. Aliongoza sala, na chama chetu cha kusaidiana mwenyekiti alikuwa yeye vilevile. Mwaka ule fundi magari mmoja wa Hamriya, Joakimu, akatangaza kwamba naye atagombea uenyekiti. Silvesta akaudhika sana. Wiki hiyohiyo mama mzazi wa Veronika, mke wa Joakimu, akafariki kwao Bukoba. Veronika alikuwa na mimba kubwa, hangeweza kupanda ndege. Desturi yetu ilikuwa kwenda kwa mfiwa jioni, tusali na kuimba naye, asilie peke yake ugenini.

Silvesta akasimama, akasema hakuna kwenda mpaka Joakimu aje apige magoti mbele ya jumuiya. Kisha akatusimulia habari ya karne zile za kale, Papa wa Roma alipokuwa na uwezo wa kumtikisa mfalme kwenye kiti chake. Mfalme wa Wajerumani aligombana na Papa juu ya nani awateue maaskofu. Papa akamtenga na Kanisa, akawaambia raia kwamba kiapo chao cha kumtii mfalme hakiwafungi tena. Mfalme akavuka milima wakati wa baridi kali, akasimama siku tatu nje ya ngome alimokuwa Papa, miguu mitupu kwenye theluji, akiomba msamaha.

"Hivyo ndivyo mchungaji anavyoheshimiwa," Silvesta akasema.

Watu wakainamisha vichwa. Nami nikainamisha changu. Lakini jioni nilikwenda kwa Veronika. Nilimkuta ameazima viti kwa majirani, vimejaa sebule nzima, na hakuna aliyevikalia. Mimi si mwimbaji, mwanangu, wewe mwenyewe umenisikia kanisani. Siku ile niliimba.

Nilirudi nyumbani nikiwaka kwa hasira. Nilikuwa nimepanga chumba kwa Bibi Zuwena, mama wa Kiomani aliyezaliwa Unguja, Mwislamu aliyenilea kama mjukuu wake. Akanimiminia kahawa, nikamweleza nilichokusudia. Ijumaa ijayo ningesimama mbele ya wote nimuumbue Silvesta, kwa kuwa alitusimulia nusu ya habari tu.

Nusu aliyoiacha ni hii. Papa yule alikuwa na mamlaka ya aina mbili. Kwa upande wa siasa, ilimfaa mfalme abaki nje kwenye baridi. Wakuu wa Ujerumani waliompinga mfalme walikuwa wanamngoja Papa aende kwao wamhukumu pamoja, na akimsamehe angewavunja moyo. Lakini Papa alikuwa padre pia, na padre aliyejiwa na mtu anayetubu hana ruhusa ya kumfungia. Akafungua lango. Akamwondolea adhabu, na ikamgharimu: ugomvi ulizuka upya, mfalme akarudi na jeshi, na Papa akafa mbali na mji wake. Hata hivyo, mimi nikiwasomesha watoto habari zake, hilo lango ndilo ninalomheshimia.

Wako waliokuja baada yake wakafunga makanisa ya nchi nzima ili kumtia adabu mfalme mmoja. Kengele zikanyamaza. Mkulima ambaye hajawahi kumwona huyo mfalme akazikwa bila sala, kwa ugomvi asioujua. Kwetu sisi, mkulima huyo alikuwa Veronika.

Bibi Zuwena alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Wataka atubu, au wataka atazamwe?"

Nikasema nataka yote mawili.

"Hayo hayapatikani pamoja. Ukimsimamisha mbele za watu ataling'ang'ania neno lake, hata kama moyoni keshajua kakosa. Mwendee kwake, mkae, mseme."

Nikamwambia kwamba haki iko upande wangu.

"Nnajua. Mimi sikuulizi haki, mwanangu. Nakuuliza mama wa yule mwanamke ataombewa lini."

Kesho yake, baada ya vipindi, nikachukua teksi hadi Matrah. Silvesta alinipeleka kwenye mkahawa nyuma ya soko, akaagiza chai ya maziwa. Nikamsimulia ile nusu ya pili polepole, kama ninavyomsimulia mwanafunzi ninayempenda. Nilipomaliza alitazama nje, wachukuzi wakipita na mikokoteni yao.

"Nikienda," akasema, "watasema Joakimu amenishinda."

"Huenda wakasema," nikamjibu. "Papa naye walimsema. Lakini siku ile alikuwa padre."

Chai yake ikapoa. Mwishowe akaniuliza, "Huyo marehemu aliitwa nani?"

Nikamtajia jina. Akatoa simu, akaanza kuwapigia watu mmoja mmoja, akimwambia kila mmoja kwamba ni yeye mwenyewe, Silvesta, aliyekosea. Jioni viti havikutosha, wengine walisimama ngazini. Joakimu hakumpa Silvesta mkono. Veronika alimpa, akamshika kwa muda. Silvesta akaomba, akimtaja yule mama kwa jina kana kwamba alimfahamu.

Uchaguzi ulipofika alishindwa. Akabaki kuongoza sala, na ninavyoona mimi ndipo alipotufaa zaidi. Joakimu, kusema kweli, alikaa muda mrefu kabla ya kumsalimu kwa moyo mweupe. Hayo nayo tuliyapokea.

Sasa wenzako wamekuchagua uongoze jumuiya hii, na nimefurahi kuliko unavyojua. Watu watakuletea ndoa zao, misiba yao, siri zao. Watakutii, na utii wao ni mtamu. Basi shika haya niliyoyaona kwa macho yangu: sala usiifanye fimbo. Ugomvi wa uongozi umalize kwenye uongozi, kwa kura na kwa maneno, na mfiwa mwachie faraja yake, awe mke wa rafiki au wa mpinzani wako. Ukimwona mwenzako anapotoka, mfuate faraghani, umwachie nafasi ya kurudi akiwa bado mtu mbele ya watu. Anayekuja kwako kutubu, usimpimie muda. Mpokee, hata kama itakupunguzia kura. Utaweza, mwanangu. Nimekuona ukikua, nami sina shaka nawe.

Mungu akupe sauti ya kuwaita watu na masikio ya kuwasikia. Akulinde na utamu wa kuogopwa. Na popote kwenye msiba katika mji huu, akufikishe mapema.